Chupa ya hamira na kifaa cha chupa mbili: hewa ukaa ya bei nafuu kwa tangi la mimea

Nimetumia chupa ya hamira miezi saba, kuanzia Agosti 2023, kisha kifaa cha chupa mbili chenye geji ya shinikizo miezi mitano, kuanzia Machi 2024. Tangi ni lile lile: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 35, maji kama lita 55 ukishatoa nafasi ya mchanga na mawe. Lipo sebuleni kwangu Tandika. Bei na vipimo nitakavyotaja ni vya kwangu, vya miaka hiyo, nimeviandika kwenye daftari ninaloandikia hesabu ya unga na mafuta.

Kazi yangu ni maandazi. Naamka saa kumi alfajiri, nakanda kilo sita kila siku, hamira naijua kwa mkono. Kwa hiyo shemeji yangu aliponiachia tangi hili wakati anahamia Dodoma, akaniambia mimea ya majini hulishwa hewa ile ile inayoumua unga, nilimwelewa papo hapo. Pasua andazi uone vile vitundu vya ndani: hamira imekula sukari, ikatoa hewa ukaa na pombe. Kwenye andazi pombe inaishia kwenye mafuta ya moto. Kwenye chupa inabaki, na inakuja kuiua hamira yenyewe.

Mmea wa bustanini unaletewa hewa ukaa na upepo. Ndani ya maji hewa hiyo ni kidogo na inatembea polepole mno, kwa hiyo ukiweka taa kali na mbolea bila kuiongeza, mimea inakwama na mwani ndio unaofaidi. Tangi langu lilikuwa hivyo. Rotala, mmea wa shina unaopanda juu, ilisimama vidole vinne juu ya mchanga ikakataa kwenda juu, majani ya chini yakawa meusi yanadondoka, na kila Jumamosi nilikuwa na kazi ya kukwangua kioo.

Kabla hujatoa hata shilingi, angalia una mimea gani. Kama ni Anubias, ambayo kwao ni misitu ya Afrika Magharibi na Kati na hukua polepole kwa asili yake, au Vallisneria, ambayo inaota hata Ziwa Tanganyika na inaweza kuchota kaboni kutoka kwenye chumvichumvi za maji, huhitaji kitu chochote katika haya. Punguza taa tu. Haya ni ya mwenye Rotala, mwenye zulia la majani mafupi, mwenye mimea myekundu.

Nianze na chupa ya hamira, maana ndiyo kila mtu anaanza nayo, na si vibaya kuanza nayo.

Chukua chupa mbili za plastiki za soda za lita mbili. Nasema za soda kwa makusudi. Chupa za maji ni laini, hazikutengenezwa kubeba gesi. Chupa ya kioo usithubutu kabisa, ikizidiwa inapasuka vipande vipande na vipande vinaruka. Mrija nilitumia dripu, ile ya hospitali, mpya, kwenye pakiti yake. Duka la dawa waliniuzia 1,000. Mrija wake ni mrefu wa kutosha na ni mgumu kidogo, tofauti na ule mrija laini wa silikoni ambao hewa ukaa hupenya kwenye kuta zake ikapotea njiani. Na kile kichupa chake cha kudondoshea ukikigeuza juu chini ukakitia maji kidogo, viputo vinapita humo kimoja kimoja, unavihesabu. Ila kiangalie ubavuni: dripu nyingine zina kidirisha cha hewa chenye kifuniko kidogo. Kisipofungwa vizuri gesi yote inatokea pale, na wewe utazunguka wiki nzima ukitafuta hamira ina kasoro gani.

Kile kigurudumu cha kubania mrija kitoe ukitupe. Nitaeleza kwa nini.

Kizibo kitoboe kwa msumari uliopashwa moto, tundu liwe dogo kuliko mrija. Kata ncha ya mrija mshazari kama kalamu ya mwanzi, ipenyeze, kisha ivute kwa koleo kutoka upande wa ndani wa kizibo mpaka ikaze yenyewe. Gundi haishiki vizuri kwenye plastiki ya vizibo. Nilipaka aina mbili, zote zikabanduka kama ngozi ya kidonda kilichopona. Mkazo wa tundu ndio unaozuia. Ukimaliza paka povu la sabuni kila penye kiungo. Pakitokea kiputo kinachokua, panavuja.

Chupa ya kwanza ndiyo ya mchanganyiko. Ya pili itie maji nusu, gesi ipite humo kabla ya kwenda kwenye tangi, ili povu la hamira likipanda liishie hapo. Mchanganyiko niliofika nao baada ya majaribio manne ni sukari vikombe viwili, kama gramu 400, maji vuguvugu mpaka chupa ibakize nafasi ya kiganja juu, hamira robo kijiko cha chai, na baikaboneti nusu kijiko. Mara ya kwanza nilitia hamira kijiko kizima kwa mazoea ya jikoni. Gesi ilitoka kwa nguvu siku tatu, ya nne ikalegea, ya sita ikafa. Kwenye unga nataka uumuke ndani ya saa moja. Kwenye chupa nataka uumuke wiki mbili. Ukishaliweka hilo kichwani, vipimo vinajipanga.

Sehemu inayowashinda wengi ni kuipeleka gesi ndani ya maji. Viputo vikubwa vinapanda juu vinapasuka, hewa yako inaishia sebuleni. Vile visahani vya kioo vyenye duara jeupe la kauri vinahitaji shinikizo kubwa, chupa ya hamira mara nyingi haiwezi. Nilichofanya ni kuchukua kijiti cha mshikaki, nikakata kipande cha urefu wa fundo mbili za kidole, nikakilowesha usiku kucha, nikakisukuma kwenye ncha ya mrija mpaka kikabana. Gesi inapita kwenye vinyweleo vya mti na kutoka kama vumbi jeupe. Ncha hiyo niliiweka chini, mbele ya mkondo wa filta, ili vumbi lisambazwe kabla halijafika juu. Kijiti kinavimba na kuziba baada ya wiki moja hivi, unabadilisha. Pakiti ya vijiti mia inakutosha mpaka utachoka na samaki.

Ilifanya kazi. Nataka niseme hivyo bila kuzunguka, kwa sababu kuna watu wanaidharau chupa ya hamira na hawajawahi kuitumia. Siku ya nne kipima rangi changu kilitoka bluu kikawa kijani. Kipima rangi ni kile kikombe kidogo cha kioo unachokibandika ndani ya tangi, kina maji yenye ugumu wa karbonati wa digrii 4 na matone ya bromothimoli: bluu ni hewa ukaa kidogo, kijani ni kama miligramu 30 kwa lita, ndipo unapotaka, na njano imezidi. Kinachelewa saa moja au mbili kusema ukweli, usikitazame dakika tano baada ya kuwasha ukakata tamaa.

Wiki ya tatu, Jumanne, kama saa kumi na moja jioni, nilikuwa nafumua vitambaa vya kufunikia unga mbele ya tangi. Nikaona chini ya jani moja la Rotala kuna kitu kinang'aa, kidogo kama punje ya ulezi. Kikatulia pale, kikanenepa polepole, kikajinasua, kikapanda. Mahali pale pale kikaanza kingine. Nikasogeza uso kwenye kioo: kila jani lina chake, na kwenye shina moja lililovunjika nilipokuwa napogoa, viputo vilikuwa vinatoka mfululizo kama shanga zinazopitishwa kwenye uzi. Hiyo ni oksijeni. Mmea unaitengeneza kwa kasi kiasi kwamba maji hayawezi tena kuiyeyusha yote. Niliita watu wa nyumba nzima. Ndani ya mwezi Rotala ilifika juu ya maji nikaikata mara ya kwanza.

Sasa matatizo, na hapa nisiharakishe.

La kwanza ni joto. Hamira haitoi gesi kwa kipimo unachotaka wewe, inatoa kwa joto la siku hiyo. Dar ikifika Desemba, chumba nyuzi 31, 32, chupa inachemka: viputo viwili kwa sekunde mchana, halafu siku ya nane imekwisha. Agosti, usiku ukipoa, kiputo kimoja kwa sekunde tatu. Mimea inazoea kiwango kimoja, ukikibadilisha kila siku inasitasita, na kwenye tangi langu wiki zile za kupanda na kushuka ndizo zilizoniletea ule mwani mweusi wenye manyoya kwenye kingo za Anubias. Kipimo changu kizuri kabisa kilidumu siku 12, kibaya siku 7. Kwa wastani weka 10.

La pili ni mabaki. Chupa ikiisha unabaki na lita na nusu ya kitu chenye pombe, na harufu yake haifichiki. Nyumbani kwetu hilo si jambo dogo. Mume wangu aliuliza mara moja tu, nikamwonyesha, tukakubaliana chupa ikae uani kwenye kivuli na mrija upite dirishani, na mabaki yamwagwe chooni siku ile ile. Kama kwenu nanyi ni watu wa kuswali, lipangeni mapema kabla mgeni hajaingia akanusa.

La tatu ni sukari. Nilipoanza ilikuwa 2,800 kilo. Januari na Februari 2024 ilipoadimika niliinunua hadi 4,500, na kumwaga vikombe viwili kwenye chupa wakati watoto wanakunywa chai ya kipimo kulinikaa vibaya rohoni.

La nne ndilo lililonifanya niiache.

Chupa ya hamira haifungiki. Ukibana mrija, hamira haijui kama umebana. Inaendelea kutoa gesi mpaka kitu kiachie, ama kizibo ama chupa. Ndiyo maana nilisema kigurudumu cha dripu kitupe, asije mtoto akakizungusha. Inatoa gesi mchana na usiku. Na usiku mimea haitumii hewa ukaa, ila yenyewe inavuta oksijeni sawa na samaki. Filta ikiwa inatikisa uso wa maji, kiasi fulani cha hewa kinatoka na oksijeni inaingia, mnafika asubuhi salama.

Januari ile ilikuwa kipindi cha mgao wa umeme. Jioni nilikuwa nimejaza chupa mpya na ilikuwa imeshika vizuri. Saa mbili usiku umeme ukakatika. Taa ya tangi ikazimika, filta ikasimama, uso wa maji ukatulia kama kioo, na chupa huko uani ikaendelea na kazi yake. Nililala. Saa kumi alfajiri niliamka kukanda, nikapita na tochi ya simu. Samaki waliokuwa hai walikuwa juu, midomo imegusa uso wa maji, wanahema kwa haraka. Kipima rangi kilikuwa njano kama kiini cha yai la kienyeji. Nilikuwa na visamaki vya neoni 15. Saba walikuwa wamelala mchangani, ule mstari wao wa bluu umeshafifia.

Nilivuta mrija nikautoa nje ya maji. Nikachukua jagi nikawa nachota na kumimina kutoka juu, nachota na kumimina, nusu saa nzima gizani, kisha nikabadilisha nusu ya maji kwa ya kwenye ndoo. Wanane walipona. Maandazi ya siku hiyo yalitoka saa moja badala ya kumi na mbili, wateja wa daladala walikuwa wameshapita.

Baada ya hapo kila usiku nilikuwa nautoa mrija kwenye tangi, asubuhi naurudisha. Samaki wakawa salama, lakini fikiria: taa yangu inawaka saa saba tu, na gesi ya kuifaa mimea ni ya saa saba hizo. Saa 17 zilizobaki sukari yangu inakwenda hewani. Ndipo nikaanza kutafuta kitu kinachofungwa.

Kifaa nilichokinunua ni vizibo viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa mirija, kimoja kina geji na vali ya sindano, ile ya kufungulia gesi kidogo kidogo. Kinatoka China, mawakala wa mizigo wa Kariakoo wanakileta. Mimi kilinifikia kwa 65,000 pamoja na usafiri, baada ya wiki tano. Chupa unatafuta mwenyewe, zile zile za soda. Sitaji duka kwa sababu kifurushi changu kilikuja bila washa moja ya mpira na muuzaji hakujibu tena ujumbe; niliipata duka la vifaa vya bomba, 200, ikakaa sawasawa. Washa ndiyo kitu cha kwanza cha kukagua ukifungua boksi. Hesabu mbili, moja kila kizibo, zisiwe na mpasuko.

Badala ya hamira na sukari, humu unatumia ndimu ya unga na baikaboneti. Nilizifuata Kariakoo kwenye maduka ya viungo. Kijana wa pale akaniuliza, "Mama, ya achari au ya juisi?" Nikamwambia ya kulisha mimea ya kwenye maji. Akacheka, akaita mwenzake, wakataka nieleze, nikaeleza. Na swali lake lilikuwa la maana, maana kuna pakiti za juisi zilizochanganywa sukari na rangi. Unataka asidi ya sitriki tupu, chenga nyeupe kama sukari nzuri. Kilo ilikuwa 8,000. Baikaboneti ya kupima kilo 4,500.

Watu wawili wameniuliza kama magadi yanafaa badala ya baikaboneti, kwa kuwa ni rahisi na yapo kila soko. Ndimu ukiimwagia magadi itachemka, ni kweli. Lakini kwa uzito ule ule magadi yanatoa gesi pungufu kuliko baikaboneti, na yanakuja na mchanga na chumvi nyingine, na ule mchanga utaingia kwenye vali ya sindano. Yaacheni kwenye maharage.

Kinavyofanya kazi: chupa A ina ndimu na maji, chupa B ina baikaboneti na maji kidogo. Unaiminya chupa A, ndimu inapita kwenye mrija inaingia B, inachemka, shinikizo linapanda kwenye chupa zote mbili na geji inasimama. Ukifungua vali, gesi inatoka, shinikizo la B linashuka kidogo, A inasukuma ndimu kidogo tena, inachemka kidogo tena. Ukifunga vali, hakuna kinachosukumwa, kazi inasimama yenyewe. Mara ya kwanza nilipoifunga nilikaa nayo robo saa nikitazama mshale wa geji. Haukusogea. Baada ya ile alfajiri ya Januari, mshale uliotulia ulikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyonunua mwaka huo.

Karatasi ya maelekezo inasema gramu 200 za ndimu kwa 200 za baikaboneti. Ndimu hiyo imezidi. Kwa hesabu ya kemia, gramu 200 za baikaboneti zinamalizwa na gramu 152 za ndimu. Nilipunguza mpaka 155 kwa mzani wangu wa jikoni, maji mililita 500 kwenye A na 200 kwenye B, na siku za gesi hazikupungua. Kwa kiputo kimoja kila sekunde, saa saba kwa siku, ujazo mmoja unanichukua siku 22 hadi 24. Na kwa kuwa shinikizo liko juu, baa moja na nusu hivi, kile kisahani cha kauri ambacho hamira ilishindwa nacho sasa kinatoa ukungu mwembamba kama mvuke wa chai. Kijiti cha mshikaki nimekistaafisha.

Joto nalo haliitikisi kama ilivyokuwa. Machi, mwezi wa joto kali, na Julai, usiku wa baridi, nimehesabu viputo karibu sawa. Ule mwani mweusi ulianza kubadilika kuwa wa waridi wiki ya tano, ukafa, sikuuwekea dawa.

Kasoro zake ninazo. Vali ya sindano ni ya bei ya chini na inajionyesha: unaizungusha unywele, hakuna kitu, unywele wa pili, viputo vitano kwa mpigo. Nimejifunza kuisogeza na kusubiri dakika mbili kabla ya kuigusa tena. Siku ya kujaza usiminye chupa A kwa pupa. Mimi niliminya mara tatu mfululizo na geji ikaruka kupita baa tatu, ikabidi nifungue vali nje ya tangi mpaka ishuke. Sasa naminya mara moja, nasubiri mshale utulie, naminya tena ikihitajika. Kabla ya kufungua kizibo maliza shinikizo lote kwanza, maana kilichomo ndani ni tindikali na kitakurukia machoni. Chupa zenyewe nabadilisha kila ujazo wa tatu, plastiki ikianza kuwa nyeupe kwenye mkunjo nazitupa. Na vali ni ya mkono. Umeme ukikatika au usipokatika, lazima mtu awepo kuifunga. Vipo vyenye vali ya umeme inayojifunga na taa, navyo ni bora, ila bei yake ilikuwa karibu mara mbili na mimi nipo nyumbani jioni.

Hesabu ya pesa naiweka kama ilivyo. Hamira: sukari gramu 400 kwa 3,000 kilo ni 1,200, na hamira ya mia, jumla 1,300 kila siku 10, yaani 3,900 kwa mwezi. Kifaa: ndimu 1,240, baikaboneti 900, jumla 2,140 kila siku 23, yaani kama 2,800 kwa mwezi. Unaokoa 1,100. Ukiwa unataka ile 65,000 irudi kwa njia hiyo utasubiri karibu miaka mitano, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kifaa hiki kinajilipa. Unakinunua kwa ajili ya usiku. Neoni mmoja dukani nilikuwa nauziwa 5,000, walikufa saba.

Kwa tangi la lita 20 hadi 70 nakipendekeza bila wasiwasi. Zaidi ya lita 100 chupa mbili hazitatosha, utakuwa unajaza kila wiki; weka akiba ya kununua mtungi wa chuma wa hewa ukaa na regyuleta yake ya kupunguza shinikizo. Mwanafunzi au kijana anayejaribu kwanza kama mimea inampenda, aanze na hamira, robo kijiko, tangi lenye mimea mingi na samaki wachache, na mrija utoke majini kila jioni kabla hajala. Mtoto wa jirani ameshachukua chupa zangu za zamani na dripu yake. Kigurudumu hakipo, nilishakitupa.

Kwangu ratiba ni hii. Nikitoka kuswali adhuhuri nafungua vali, saa nane taa inawaka, saa tatu usiku inazima. Kufunga ni saa mbili, saa moja kabla ya taa, na hiyo ni kazi ya binti yangu wa miaka tisa. Nimebandika plasta kwenye kizibo nikachora mshale wa upande wa kufungia. Anazungusha taratibu, anachuchumaa mbele ya kichupa cha kuhesabia, anahesabu kwa sauti mpaka kiputo cha mwisho, halafu ananiita jikoni: "Mama, kimesimama."